Jiwe la Nyiragongo halinyonyi kelele

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na kufunika maduka na nyumba. Ilipopoa, watu walirudi na nyundo, wakayavunja mawe yale meusi na kuyapanga kuwa kuta. Hadi leo hoteli, maduka na migahawa mingi ya mji imezungukwa nayo.

Kwa kelele za nje, ukuta huo ni askari mzuri. Sauti hupenya kwa taabu kitu kizito, hivyo pikipiki na jenereta za bulvadi Kanyamuhanga hubaki nje, mradi madirisha yamefungwa. Tatizo liko ndani. Jiwe la lava lina vitundu kama sifongo, na mwenye mgahawa hudhani litanyonya makelele ya wateja. Lakini vingi vya vitundu hivyo havikuungana. Sauti huingia kidogo tu, ikarudi. Fundi akipiga lipu na rangi ya mafuta, hata hicho kidogo kinazibwa.

Hesabu ya sauti inayorudi hivi ndani ya chumba ilianza mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilipomkabidhi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mvumo, yaani sauti kuendelea kusikika baada ya chanzo chake kunyamaza, wa zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku, mji umelala, akiwa na bomba la kinanda, saa, na mito ya viti aliyoazima ukumbi mwingine. Kila alipoongeza mito, mvumo ulipungua. Kanuni aliyoipata ni fupi: ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, mara 0.161, gawanya kwa eneo linalonyonya sauti, kwa mita za mraba.

Tuipime kwa mgahawa wa kufikirika wa mita 10 kwa 8, kimo mita 3, wenye sakafu ya saruji, kuta za lipu na dari ya zege. Ukiwa mtupu, mvumo ni sekunde 6 hivi. Wateja 20 wakiketi, miili na nguo zao huushusha hadi 2 na nusu. Ila nao wanaongea! Meza moja ikipaza sauti, jirani yake hupaza zaidi, tabia aliyoieleza daktari Mfaransa Étienne Lombard zaidi ya miaka mia iliyopita. Mhudumu huishia kuinamia sikio la mteja kuuliza kama anataka sambaza au tilapia, na jioni anarudi nyumbani koo limekauka.

Sasa funika dari peke yake kwa kitu kinachonyonya asilimia 70 ya sauti. Mvumo unashuka hadi sekunde 0.6, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa madarasa mwaka 1999. Triplex iliyotobolewa, yenye pamba nene nyuma yake, inaweza kukaribia hapo. Trei za mayai hazifui dafu, na godoro la sponji lisilokingwa dhidi ya moto ni hatari kuliko kelele zenyewe.

Pengine hata pamba haihitajiki, ramani ya jengo inatosha. Katika hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa 2011 na kujengwa kwa mawe ya volkano za Virunga, wasanifu majengo wa shirika la MASS waliziweka korido nje ya wodi. Nia yao ilikuwa kuzuia maambukizi ya hewani, lakini viatu na vitoroli navyo vikapita nje, mbali na kichwa cha mgonjwa.