Mwindo na Nyama wa Njiani: Juu ya Hadithi Tunayoikata Katikati

Kila mara tunapokutana kwenye barza kusikiliza hadithi, kuko mtu anayeomba Mwindo. Na kila mara msimulizi anafika fasi moja, watu wanapiga mikono, na hadithi inakwisha pale: Mwindo ameua Kirimu, lile linyama kubwa la pori. Watoto wanaenda kulala na furaha. Sisi tunaona kwamba hadithi haiishi pale. Tunaona tena kwamba ile sehemu tunayoikata ndiyo inatugusa zaidi, sisi watu wa kutembea kwa miguu na kwa kinga katika inchi yenye nyama wa pori.

1. Hadithi yenyewe

Tukumbushe kwanza kwa ufupi. Mwindo ni wa Wanyanga, watu wa msitu wa upande wa Walikale. Masimulizi yanayojulikana zaidi yaliandikwa mwaka 1956 katika kijiji cha Bese, kinywani mwa mzee Candi Rureke, aliyesimulia, akaimba na kucheza muda wa siku 12. Walioyapokea na kuyaandika ni Daniel Biebuyck, Mbeleji, pamoja na wasaidizi wake Wanyanga. Jina la Kahombo Mateene liko pia juu ya kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1969. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya hadithi hiyo, yaliyopokewa kwa wasimulizi wengine. Kwa hiyo hakuna Mwindo mmoja tu. Hapa tunasema juu ya Mwindo wa Rureke.

Mwindo anaitwa pia Kabutwa-kenda, maana yake mtoto aliyezaliwa na palepale akatembea. Ni mtu wa njia tangu siku ya kwanza. Kisha kumshinda baba yake Shemwindo, anatawala Tubondo. Siku moja anatamani nyama ya nguruwe wa pori, anatuma Wambuti wake kuwinda. Kule porini wanakutana na Kirimu, mwenye vichwa saba, pembe saba na macho saba. Anawameza, anayeponyoka anarudi mbio kuleta habari. Mwindo mwenyewe anaondoka na usinga wake, anamuua Kirimu, watu wanamkata vipande, na waliomezwa wanatoka wazima. Ni hapa tunapopigaka mikono.

Lakini Rureke aliendelea. Kirimu alikuwa na rafiki wa kuchanjana damu: Nkuba, yaani radi. Harufu ya nyama iliyochomwa inapanda mpaka kwake. Nkuba anashuka na huzuni, anamchukua Mwindo juu, na kule shujaa wetu anakaa mwaka mzima katika baridi na joto, akipita kwa Mvua, kwa Mwezi, kwa Jua na kwa Nyota. Anakatazwa asiue tena nyama, wa pori wala wa kijiji, hata vidudu vidogo. Ndipo anarudishwa nyumbani, na anawapa watu wake sheria za kukaa vizuri pamoja.

2. Makosa mawili ya kusoma

Kosa la kwanza ni la barza. Tukikata hadithi pale Kirimu anapokufa, Mwindo anabaki mtu wa nguvu tu. Mtoto anajifunza kwamba ukikutana na nyama njiani, mwenye moyo anapiga, mwoga anaondoka.

Kosa la pili ni la watu wa masomo, ni kusema letu wenyewe. Siku hizi, katika mikutano juu ya mazingira, tunasikia kwamba Mwindo anaonyesha namna wazee wetu walikuwa walinzi wa nyama, kama vile walikuwa na ICCN yao. Hiyo ni kumvalisha Rureke nguo isiyo yake. Wanyanga ni watu wa mitego na wa kuwinda. Nyama iko katika chakula chao na katika sherehe zao. Katazo la Nkuba lilimpata mtu mmoja, mwami mwenye majivuno, kusudi ajue kipimo cha nguvu yake. Hadithi haisemi kwamba kesho yake kijiji kizima kilifungua mitego.

Basi inasema nini? Tuangalie vizuri sababu ya kosa. Kirimu hakuwa bila hatia: alikuwa amemeza watu. Nkuba hasemi kwamba Kirimu alikuwa mzuri. Anasema alikuwa rafiki yake. Mwindo hakuuliza. Aliona nyama mbele yake, hakuona undugu uliokuwa nyuma ya yule nyama. Huo ndio utajiri wa Rureke kwetu: nyama unayekutana naye njiani hayuko peke yake, hata kama unamwona peke yake. Ana kwake, ana njia yake, ana wenzake, na kuna jambo litakalokufuata ukishamwangusha.

3. Asubuhi moja njiani

Tumeelewa hayo si kwa kitabu tu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa watatu kwa kinga, jua halijatoka, tukielekea Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, ndani ya parki ya Virunga. Kiboko mmoja alikuwa anatoka majanini anarudi ziwani, nasi tulisimama sawasawa juu ya njia yake. Mdogo wetu aliokota jiwe. Nyuma yetu kulikuwa mzee mvuvi, alisema kwa sauti ya chini: “Wacha! Mumupe njia. Anarudi kwake.” Tuliacha kinga chini, tukarudi pembeni polepole. Kiboko alipita, akaingia ziwani. Mdogo wetu alinung'unika: “Mwindo angemupiga.”

Neno hilo ndilo limetufanya tuandike. Yule mvuvi pengine hakusikia hata siku moja habari ya Nkuba, lakini alisema sehemu ya pili ya hadithi. Mdogo wetu, anayejua Mwindo kwa moyo, alibaki kwenye ya kwanza.

Na mzee alikuwa na haki. Kiboko anakula majani usiku, na mapambazuko anarudi kwenye maji. Anayesimama kati yake na maji ndiye anayejiweka katika hatari. Kwa mwendo mfupi anamshinda mtu mbio. Kule Kahuzi-Biega, mbele ya ngagi dume, viongozi wa njia wanafundisha: hapana kukimbia, hapana kumkazia macho, inama chini, ungoja. Na tembo akipanua masikio, hujaalikwa kusogea. Mambo hayo yote ni namna ya kusema: hii ni fasi ya mwingine, anayepisha ni mgeni.

Tuseme pia kwamba Kirimu wetu ameuawa mara mingi. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000, wengi kuliko fasi nyingine Afrika. Kufika mwaka 2005, kisha vita na bunduki, walikuwa chini ya 1,000. Waliuawa juu ya nyama na meno. Wavuvi wa ziwa wanaeleza matokeo bila kumtaja Nkuba: mavi ya kiboko ndiyo yanalisha maji, na maji ndiyo yanalisha samaki. Kiboko alikuwa na rafiki, naye anaitwa sahani yetu.

4. Pale hadithi yenyewe inapungua

Lakini hatutaki kumsifu Rureke bila kumpima. Kuna fasi moja ambapo hadithi inatuacha njaa. Kwake, waliomezwa na Kirimu wanatoka wazima. Tumbo linapasuliwa, wanasimama, wanaenda nyumbani. Hakuna mjane. Kwa hiyo huzuni ya Nkuba inakuwa peke yake katika hadithi, na ni rahisi kwetu kuipokea.

Kwetu sisi waliomezwa hawatoki. Mama aliyepoteza bwana yake ziwani juu ya kiboko, jamaa iliyolala na shamba la mahindi na kuamka na nyayo za tembo, hawawezi kuambiwa tu kwamba nyama ana rafiki mbinguni. Watauliza: na mimi, rafiki yangu ni nani? Ni ulizo la haki, na Rureke hakulijibu, kwa sababu hadithi yake haikulihitaji. Anayesimulia leo katika vijiji vya kando ya parki, akiruka ulizo hilo, atasikiwa kama mtu aliyetumwa.

Tena tuwe wa kweli: katika njia nyingi za Kivu, mtu anayetoka alfajiri kwenda shambani anaogopa mwenye bunduki kuliko chui. Masikio yetu ya kutambua nyama yamepungua juu ya miaka ya kukimbia na kuhama. Watoto waliozaliwa kambini hawakufundishwa na mtu ni saa gani kiboko anarudi majini. Kwa hiyo hadithi ikikatwa, hakuna shule nyingine ya kuwajazia ile sehemu iliyobaki.

5. Tunaloomba

Hatuombi barza igeuke darasa. Vichwa saba vibaki saba, usinga uruke, watoto wapige mikono. Tunaomba tu msimulizi, kisha mikono kunyamaza, aongeze moto kuni na aendelee: harufu inapanda, Nkuba anashuka, Mwindo anatetemeka kwa baridi. Ikiwa usiku hautoshi, aseme “kesho”. Rureke alihitaji siku 12, na hakuna aliyemwambia afupishe.

Na mwishoni, kama kuna mjane kati ya wasikilizaji, apewe neno kabla ya watu kutawanyika. Yeye anajua sehemu ambayo Rureke hakusimulia.