Maji ya Komoni

Katika nchi ya Wabena, kutoka Makambako hata Njombe, pana vileo viwili vya asili ambavyo, kwa mtu apendaye kujua kazi inavyotendeka, hutofautiana kwanza kwa maji. Ulanzi, utomvu wa mianzi ugemwao msimu wa mvua, huja na maji yake ndani, wala mgema hana la kuchagua ila mwanzi wake na usafi wa mbeta yake. Ama komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, ni kazi ya jikoni, na sehemu kubwa ya kile akinywacho mnywaji ni maji aliyoyateka mpika pombe kwa hiari yake mwenyewe. Aghalabu watu husifu kimea, au husifu mkono wa mpishi, na maji hayatajwi. Nami naona kuwa hiyo si insafu.

Kidugala, kituo cha Walutheri kilichoasisiwa na wamisionari wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19, ina nyumba nyingi zisizonywa pombe, walakini nyumba hizo hizo hupika togwa, na togwa na komoni ni ndugu wa tumbo moja: kimea ni kile kile na maji ni yale yale, ila moja hunywewa mapema na nyingine huachwa ichachuke. Kwa hiyo nitakayoyaeleza yanawahusu wote.

Asili ya nchi imewapa wapishi wa huku neema kubwa. Milima ya Ubena imesimama juu ya matale na mawe mengine ya kale yasiyo na chokaa nyingi, na maji yatokayo katika chemchemi zake, pamoja na yale ya mserereko yateremkayo kwa mabomba mpaka vijijini, kwa kawaida ni maji laini: sabuni hutoa povu upesi, na birika la chai halijengi ukoko mweupe. Ulaini huo una maana katika kazi ya kimea. Ndani ya ulezi uliooteshwa mna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuugeuza wanga wa mahindi uwe sukari, navyo hustawi katika uji wenye uchachu mdogo, penye kipimo cha pH kilicho juu kidogo ya 5, kipimo ambacho Sørensen alikiasisi mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, wenye bia wa Copenhagen. Maji magumu yaliyobeba bikaboneti huuzima uchachu huo, na kimea, hata kikiwa kizuri namna gani, hufanya kazi kwa uzito. Ndiyo maana mji wa Pilsen, wenye maji laini mno, uliweza mwaka 1842 kutoa bia ya rangi ya dhahabu iliyokuja kuigwa ulimwenguni kote, ilhali Burton-on-Trent ya Uingereza, yenye maji mazito ya jasi, ilipata sifa kwa bia chungu ya namna nyingine kabisa.

Mpika pombe wa Ubena hahitaji majina hayo, maana anavyo vipimo vyake. Nilimwona mama mmoja wa makamo, aliyeletewa madebe mawili ya maji ya kisima kipya, akikoroga kwanza maji hayo kidogo na chai ya rangi iliyokolea, kisha akaitazama kwenye mwanga wa mlango: chai ikageuka nyeusi, utandu ukatanda juu yake, na madebe yote mawili yakaenda kwenye mboga. Kipimo hicho ni cha hakika. Chuma kilichoyeyuka majini hushikamana na tanini za majani ya chai, na ganda la ulezi lina tanini za jamaa hiyo hiyo. Pombe ya maji hayo ingeingia weusi na ladha ya kutu.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yana shari yake: klorini ikikutana na viini fulani vya nafaka huzaa harufu ya dawa za hospitali, ambayo hata akali yake hutambulika kwa ulimi, na ikisha kuingia haitoki. Tiba ni nyepesi, nayo ni kuyachemsha, au kuyalaza usiku kucha katika chombo kipana kilichofunikwa kwa kitambaa tu.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote ni maji ya mwisho. Njia za kupika komoni hutofautiana nyumba kwa nyumba, ila maji ya kwanza hupikwa pamoja na unga, na ijapokuwa katika mwinuko huu, unaozidi mita 1,600 Makambako na kukaribia 2,000 Njombe, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hadi 95 badala ya 100, joto hilo latosha kuua vijidudu vya maradhi maadamu yameachwa yatokote dakika tatu. Kisha uji hupoa na kimea hutiwa, nacho hakichemshwi, kwa kuwa moto mkali ungeviua vimeng'enya vyake; na hatimaye, pombe ikiwa nzito, huzimuliwa, na machicha hukamuliwa mara ya pili, kwa maji mabichi yaliyochotwa katika ndoo yoyote iliyo karibu. Uchachu na kileo hudhoofisha vijidudu vingi, lakini maji yaliyotiwa asubuhi ya kuuza hayakupata hata muda wa kuchachuka, nayo hunywewa mchana ule ule. Kuni ni ghali, hoja hiyo ni ya haki. Walakini maji ya kuzimulia ni akali ya maji yote, na sufuria moja iliyochemshwa jioni ya jana, ikafunikwa, yatosha.

Kwa mujibu wa hayo, chemchemi iliyojengewa na maji ya mserereko yana haki ya kwanza, kisha maji ya mvua baada ya manyunyu ya awali kuosha bati, kisha maji ya bomba yenye klorini yaliyolazwa; kisima cha chuma kiachwe. Mwenye shaka na apike togwa mbili ndogo za kimea kimoja na maji mbalimbali, aonje kesho yake. Na wewe msomaji, ukifika kilabuni, kabla ya kuipokea kata ya kwanza, muulize mama kwa adabu kama maji ya kuzimulia yamechemshwa.