Nia Njema Iliyofichwa: Uhakiki wa Mchezo wa Merlin

Mwenye kupita Busia au Malaba, pale Kenya ipakanapo na Uganda, huyaona malori yamepanga foleni. Kila dereva ana hati zitajazo shehena yake. Ofisa wa forodha huzisoma. Lakini akiingiwa na shaka, hulifungua lori akatazama. Haamini karatasi peke yake, wala hamhukumu dereva kwa uvumi. Kazi ya mhakiki ni iyo hiyo: kuyapima maneno ya mhusika kwa vitendo vyake, na kuitafuta nia iliyofichwa ndani.

Tuutumie mfano huo katika ngano za Mfalme Arthur wa Uingereza, ambazo Thomas Malory alizikusanya katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1485. Humo Morgan, dada wa Arthur kwa mama, ajaribu kumwangamiza nduguye. Hata hivyo, mwisho wa hadithi yumo miongoni mwa malkia wamchukuao mashuani akiwa na jeraha kubwa. Malory hatuelezi aligeukaje.

Mchezo wa televisheni uitwao Merlin, ulioonyeshwa na BBC tangu mwaka 2008 hadi 2012, unajaribu kuieleza nia ya mwanamke huyo, ambaye humo aitwa Morgana. Mfalme Uther ameupiga uchawi marufuku, na adhabu yake ni kifo. Merlin, mtumishi wa Arthur, amezaliwa na uwezo huo, naye auficha. Morgana, aliyelelewa na Uther, agundua kuwa yeye pia anao. Ashikwa na hofu, akidhani yu peke yake. Merlin aijua siri yake, lakini hamwambii kuwa hali yao ni moja.

Kisha usingizi wa kichawi waushukia mji wa Camelot. Merlin atambua kuwa Morgana ndiye chanzo, ingawa mwenyewe hajui. Ampa maji yenye sumu. Mji waokoka, Morgana aponea chupuchupu, akachukuliwa na dada yake Morgause. Arudipo, ni adui.

Wahenga walisema: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Mchezo huu waitia methali hiyo majaribuni. Nia ya Merlin ilikuwa njema, lakini ilifungwa kama shehena iliyotiwa lakiri. Morgana hakuona ila sumu. Lakini hilo halimwondolei lawama: raia ambao baadaye aliamuru wapigwe mishale hawakuwa wamemtilia sumu.

Linganisha na Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mwana wa Liyongo amchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, kwa kuwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Hapo nia yajulikana, na hukumu ni nyepesi. Katika Merlin hukumu ni nzito, maana atiaye sumu ni rafiki.

Mchezo una kasoro yake. Baina ya kuondoka kwa Morgana na kurudi kwake wapita mwaka mzima, nasi hatuonyeshwi aliyoyasikia kwa Morgause. Chuki yake twaikuta imekwisha kukomaa. Hapo waandishi wametupa hati, wasitufungulie mzigo.

Arthur naye haijui siri ya Merlin mpaka yu karibu kufa. Kwanza akasirika, kisha amshukuru. Kama mfalme aliweza kuipokea kweli hiyo, yamkini Morgana pia angaliipokea, lau angaliambiwa mapema.

Basi, msomaji, ukiulizwa kwa nini mhusika alitenda hivi au vile, usijibu kwa chuki wala kwa huruma tupu. Taja tendo, taja alilolijua alipotenda, ndipo utoe hukumu. Na jirani akirudi kutoka ng'ambo ya mpaka na furushi kichwani, mwulize kwanza kabla ya kumwita mtu wa magendo. Huenda ametoka kuwaona jamaa zake.