Moja Juu, Moja Chini

Asubuhi ya kaskazi, kabla watoto hawajaingia, mwalimu wa Gredi ya Pili ameshapanga kokoto juu ya madawati, moja moja. Ni za kuzuia karatasi zisipeperuke. Dirisha la darasa latazama upande wa bahari, na chumba cha Mji wa Kale wa Mombasa kikifungwa dirisha miezi hii huwa tanuri, kwa hivyo upepo hapa ni wa kuvumiliana nao. Karatasi zenyewe ni za kalenda ya mwaka jana na maboksi ya majani ya chai, zimekatwa chane za upana wa kidole. Alizikata usiku nyumbani kwake, akishawalaza wanawe. Saa hizo haziandikwi popote.

Nimekuja kumtazama akifundisha kusuka. Nataka kuisifu kazi hii ya ualimu wa mikono, kwa sababu wengi wetu tukiiona hudhani ni mchezo wa kuwatuliza watoto mpaka kengele ilie.

Kila mtoto ana karatasi moja nzima iliyochanwa mistari, ikaachwa imeshikana juu. Hiyo ndiyo iliyosimama. Chane za rangi ndizo zitakazopita katikati yake. "Moja juu, moja chini," asema mwalimu, na darasa lote laitikia. Mstari wa kwanza hauna taabu. Taabu ni wa pili. Mvulana aliye karibu nami anaanza tena juu, kama alivyoanza ule wa kwanza, na anafika mwisho kwa furaha. Anaisukuma chane kwa kidole ikae vizuri. Haikai. Imemlalia mwenzake, na akivuta moja, zote mbili zachomoka pamoja.

"Ticha, zatoka!"

Mwalimu anakuja, anainama, na mikono yake ameifunga mgongoni. Huo mkono uliofungwa mgongoni ndio ufundi wenyewe. Najua mimi ningeinyakua ile karatasi nikamsukia. Yeye anauliza tu: "Ya kwanza ilianzia wapi, babangu?" Mtoto anatazama. Anagusa ukingo wa karatasi kwa kidole gumba. Anaichomoa ile ya pili, anaipitisha kuanzia chini, anaisukuma, nayo inakaa. Anavuta. Haitoki. Hakusema kitu, aliinua tu uso akamtazama mwalimu wake, na mwalimu akaenda dawati jingine.

Kosa la kwenye daftari lamngoja mwalimu aje na kalamu nyekundu. Mpaka afike, mtoto hajui kama amekosea, na akishaambiwa, mara nyingi ajua tu kwamba amekosea, si wapi. Kosa la kwenye kusuka hujionesha lenyewe, papo hapo, bila kumuaibisha mtu. Mtoto hulifumua akaanza tena, na karatasi haimkasirikii. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa zaidi ambalo kazi ya mikono humpa mtoto wa miaka saba: anapata hakimu asiyepiga kelele, na baada ya muda hakimu huyo huhamia ndani yake.

Kisha mwalimu akawauliza mistari inayoanzia juu ni ya ngapi. Wa kwanza, wa tatu, wa tano. "Hizo ndizo witiri," akawaambia, na nyuso kadhaa zikachangamka, kwa kuwa watoto wa mtaa huu neno witiri walikuwa nalo kabla ya kuja shule. Wamelisikia nyumbani katika sala ya usiku. Zile za kuanzia chini, shufwa. Nilijifunza maneno haya mawili nikiwa mkubwa zaidi yao, katika shule nisiyoitaja, kwa kuyakariri mpaka yakatoka puani. Hakuna aliyeniambia kwamba nyanya yangu, kila alipokaa barazani na kitita cha miyaa akisuka ukili, alikuwa akiyatumia bila kuyatamka.

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyewafungulia watoto wadogo shule yao mwaka 1837, aliweka kusuka karatasi miongoni mwa kazi za mikono za wanafunzi. Nyanya hakupata kumsikia. Wote wawili, hata hivyo, walijua kwamba kidole huhesabu kabla ya ulimi.

Wala Mombasa haikuianza kazi hii jana. Mwaka 1986 ulianzia hapa mpango wa chekechea za madrasa, ukidhaminiwa na Wakfu wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kuomba watoto wao wapate msingi wa shule bila kupoteza dini na mila zao. Mwalimu Bi Swafiya Said ndiye aliyeubeba mpango ule mwanzoni. Wenye mpango huo walichukua utaratibu wa HighScope wa kutoka Michigan, Marekani, ambapo mtoto hupanga atakachofanya, akakifanya, kisha akakieleza, nao wakauvisha kanga: vifuu, kombe, mbegu na vifuniko vya chupa vikaingia darasani mahali pa vifaa vya dukani. Mwaka 1990 mpango ukavuka hadi Zanzibar, na 1993 ukafika Uganda. Kila nionapo kifuu kimesuguliwa kikawa kikombe cha kupimia mchanga, hukumbuka kwamba kuna watu waliokaa wakafikiri sana mpaka kifuu kikaaminiwa darasani.

Wiki iliyofuata mwalimu aliwatoa nje. Walishuka Ndia Kuu wawili wawili, wameshikana mikono, wakapiga hodi kwenye nyumba yenye mlango wa nakshi. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, aliwaitikia karibu na kuleta maji ya kunywa kabla hajauliza wamejia nini. Walikuja kuupima mlango kwa shubiri. Mmoja alipata shubiri kumi na mbili upana wake, mwingine kumi na nne, na wa tatu, mrefu kuliko wote, akapata kumi na moja. Ugomvi ukazuka pale pale barazani. Nani mwongo? Wakanyoosheana viganja, wakavibandika kimoja juu ya kingine, na ugomvi ukaisha polepole. Mlango ulikuwa ule ule mmoja. Hapo ndipo mwalimu alipoitoa rula ya mita kwenye mfuko wake, na naapa sijawahi kuona rula ikipokewa kwa hamu namna ile. Mimi nilikariri kwamba mita moja ni sentimita mia. Sikuwahi kuambiwa mita ilikuja kuamua ugomvi gani.

Kabla ya kuondoka waliweka karatasi juu ya fremu ya mlango wakasugua kwa krayoni, maua na mnyororo vikajitokeza kwenye karatasi kidogo kidogo. Bibi mwenye nyumba aliomba abakishiwe moja.

Kuna siku ya bao pia. Bao la kujifunza lataka mashimo 32, mistari minne ya manane, kila shimo kete 2. Treyi ya mayai ina mashimo 30 tu, tena yamepangwa sita kwa matano. Mwalimu huwapa treyi mbili, mkasi na gundi, akanyamaza. Nusu saa nzima ya kubishana na kukata vibaya, mpaka bao lipatikane, na zile kete 64 za komwe zihesabiwe mara tatu kwa sababu mbili zimebingirika chini ya kabati.

Mtaala wa Umilisi wa Kenya, ulioanza rasmi mwaka 2019 katika chekechea na gredi za chini, umeipa kazi hii jina na nafasi kwenye ratiba. Nimefurahi. Lakini nimeona pia upande unaoniuma: mzazi akihangaika saa mbili usiku kutafuta manila na gundi, na mradi wa mtoto ukitengenezwa na kaka mkubwa, au na fundi wa kulipwa, upelekwe shuleni upigwe picha ukiwa umenyooka vizuri. Kazi iliyonyooka ambayo mkono wa mtoto haukuigusa ni dhuluma kwa mtoto. Karatasi ya kalenda iliyosukwa ikapinda yatosha, na haina gharama. Gharama yake ni ya mwalimu: usiku wake wa kukata chane, na subira ya kufunga mikono mgongoni.

Binti wa dada yangu yumo kwenye darasa lile. Alikileta nyumbani kijamvi chake cha karatasi, kikubwa kidogo tu kuliko kiganja, akampa mama yangu aliyekuwa amekaa barazani, mtaa wa Kibokoni, akichambua mchele. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza akatazama mgongo wake, kama wasukaji wote wanavyofanya, akapitisha ukucha mstari kwa mstari mpaka ukasimama.

"Mamangu, hapa umeruka moja."

"Najua, nyanya," akajibu mtoto, akinyoosha mkono kukichukua. "Nimekileta nikifumue."