Inalia Lini?

Kelele katika chombo cha mbao haikai ilikozaliwa. Inashika mkuku, inapanda kwa mataruma, inatokea chini ya miguu ya abiria aliyekaa omo, naye ataapa kwamba mbao za omo zinaachana. Nahodha aliyeshika usukani tezi anaisikia chini yake. Baharia anayekumba maji ngamani anaisikia pande zote. Wote watatu wanasema kweli, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwonyesha fundi bolti ya kufungua. Ndiyo maana fundi wa mashine hodari, akiitwa kwenye chombo kinacholia, hana haja sana ya kujua inalia wapi. Anauliza inalia lini.

Nawazungumzia mafundi wa mashua zenye mashine ya ndani, kama zile zinazochukua watu na mizigo kutoka Lamu kwenda Mtangawanda na Faza. Dizeli imekaa ndani ya chombo, nyuma yake giaboksi, kisha shafti ndefu inayopita kwenye bomba na kutokea nje ya tezi, mwisho propela. Vyote vimeungana kwa mstari mmoja, kwa hiyo kimoja kikiumwa vyote vinatetemeka, na asiye na subira hufungua kile kilicho karibu na spana yake.

“Gia ikiwa nyutro inalia?” Hilo ndilo swali la kwanza. Kwenye nyutro mashine inazunguka pamoja na upande wa mbele wa giaboksi, lakini shafti imetulia. Kelele ikiwapo hapo, basi shafti, bushi inayoibeba na propela havina kosa. Nusu ya chombo imeondolewa mashakani kwa jibu la neno moja. Swali la pili: “Ukiongeza moto kidogo, inaendelea?” Maana kuna ile kacha-kacha-kacha inayowatia watu hofu kuliko zote, inayosikika mashine ikiwa mwendo wa chini, kisha ikapotea moto ukipanda. Mashine ya silinda tatu ikizunguka mara 800 kwa dakika huwaka mara 20 kwa sekunde, na kila mwako ni msukumo mmoja. Baina ya msukumo na msukumo mwendo unalegea kidogo. Ipo sahani yenye springi, imefungwa baina ya mashine na giaboksi, ambayo kazi yake ni kumeza misukosuko hiyo. Springi zikichoka, meno ya gia yasiyo na mzigo huanza kugongana. Ukitia gia, mzigo unayabana na kelele inapungua. Ukiongeza moto, misukumo inakaribiana na meno yanatulia. Wakati mwingine hata springi hazina ubaya: mwendo wa chini umepunguzwa mno, na kuupandisha kidogo kunatosha. Giaboksi zimewahi kushushwa na kutawanywa vipande kwa kelele hiyo, na inaniuma kila nikisikia, kwa sababu jibu lilikuwepo kabla mtu hajagusa nati.

Baada ya maswali, sikio. Fundi anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya ganda la giaboksi pale beringi ilipo, mpini anaukandamiza kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Anafumba macho. Mkono wa pili umenyanyua kidole kimoja, na nahodha, ambaye amekwisha kuelewa lugha hiyo, anatia gia. Anahamisha ncha kiasi cha upana wa kiganja, anasikiliza tena, anarudi nyuma kwenye beringi ya kwanza ili alinganishe. Beringi nzima inavuma mfululizo. Iliyoliwa inakwaruza, na mkwaruzo wake unapanda na kushuka na mzunguko. Kisha anachomoa kijiti cha oili, anaisugua oili baina ya kidole gumba na cha shahada, anaielekeza kwenye mwanga. Ikiwa nyeupe, maji yameingia, mara nyingi kwa njia ya kipozeo. Ikinuka kuungua, klachi zinateleza. Ikimetameta, chuma kinalika. Haya yote yamemchukua muda mfupi, na bado spana haijatoka mfukoni.

Kelele inayofuata shafti ina tabia nyingine: haipo kwenye nyutro, inakuja chombo kikienda, gurugurugu nzito upande wa tezi. Hapo mshukiwa ni bushi ya nyuma. Vyombo vya kwanza vya propela viliteswa sana na jambo hili, chuma kikila chuma, mpaka John Penn, mhandisi wa Uingereza, alipopata hataza mwaka 1854 ya beringi za mti mgumu wa lignum vitae zinazolainishwa na maji ya bahari yenyewe. Siku hizi bushi mara nyingi ni ya mpira wenye mifereji, lakini mafuta yake bado ni maji, na adui wake ni mchanga. Anayejua mkondo wa Mkanda, kwenye njia hiyo ya Faza, na jinsi mashua inavyoburura tumbo maji yakiwa machache, hahitaji kuelezwa mchanga huo unatoka wapi. Uzuri wa pwani ni kwamba bahari yenyewe humpa fundi nafasi ya kukagua: chombo kinapwelewa, fundi anaingia chini ya tezi, anaishika propela kwa mikono miwili na kuinyanyua. Shafti yenye unene wa milimita 25 ikicheza zaidi ya milimita 1.5 hivi, bushi imekwisha.

Lakini jambo ninalolistahi zaidi katika kazi hii hufanyika maji yakishajaa. Mashua iliyokaa mchangani ina umbo moja, inayoelea ina jingine, hivyo mstari wa shafti na giaboksi haupimwi nchi kavu.

“Fundi, si ungepima sasa hivi tukaondoka?”

“Hapana, ami. Iache ielee kwanza, ikae. Kesho.”

Kesho yake anafungua bolti za flenji mbili zinazounganisha giaboksi na shafti, anazisogeza mpaka zikaribie kugusana, anapenyeza vibanzi vyembamba vya chuma juu, chini, kulia na kushoto. Kwa flenji ya milimita 100, tofauti ya nafasi isizidi milimita 0.1. Akikuta imezidi, bado hasemi kitu. Anaizungusha shafti robo, flenji ya giaboksi ikibaki ilivyo, anapima upya. Nafasi kubwa ikihama pamoja na shafti, shafti imepinda au flenji yake imekaa vibaya, na hakuna kuisogeza mashine kutakakosaidia. Ikibaki palepale, tuseme chini, basi shafti imenyooka na ni mashine iliyoshuka kwenye miguu yake. Hapo ndipo spana inakwenda kwenye miguu ya mashine. Nati ya mguu mmoja inapanda sehemu ya mzunguko, vibanzi vinarudi, nati ya pili, vibanzi tena. Asubuhi nzima inaweza kuisha hivyo pasipo kipuri hata kimoja kununuliwa, na mwenye chombo anapaswa kumlipa fundi huyo kwa moyo uleule ambao angemlipa aliyemletea giaboksi mpya.