Fabian aliandika Kiswahili chetu. Sisi tunaandika nini?

Ndugu zangu, leo niachieni kidogo mambo ya mbolea na mbegu. Nataka kuongea juu ya mwalimu mmoja mhamiaji, na juu ya haya iliyonishika.

Mwaka jana nilikuwa kwa mama mmoja mwenye shamba la mahindi karibu na Kolwezi. Nilipima tindikali ya udongo, nikamueleza kazi ya chokaa, nikaandika yote mu kaye yangu. Akaniangalia, akauliza: "Mwana, ile yote uko naandika, utatusomea siku gani?" Nikacheka tu. Magaribi nikatengeneza ripoti ya Kifaransa, na ndani yake yule mama akageuka "mkulima wa kizamani". Yule yule ambaye bei ya unga ya Lubumbashi ilifika mu simu yake mbele mimi niijue.

Lile swali lilinirudilia nilipoanza kusoma Johannes Fabian.

Alizaliwa 1937 Glogau, mji uliokuwa wa Ujerumani, leo ni wa Polandi. Alisoma Ulaya, akahamia Marekani, akapata udaktari wake Chicago mu 1969. Kutoka 1972 mpaka 1974 alifundisha Lubumbashi, kisha tangu 1980 akawa mwalimu Amsterdam. Lakini kazi yake ilianzia huku kwetu. Mu 1966 alikuja Katanga kuchunguza Jamaa, ile harakati ya Wakatoliki iliyozaliwa mu kambi za wachimbaji za Kolwezi, karibu na padri Placide Tempels. Mwingine angehesabu waumini na kurudi kwao. Fabian alikaa akasikiliza mafundisho yenyewe: uzima, uzazi, mapendo. Aliona kwamba nguvu ya Jamaa iko mu namna watu wanasemezana. Wanamuita mwanaanthropolojia. Kwangu mimi ni mtaalamu wa mawasiliano, sababu kazi yake yote inauliza kitu kimoja: watu wanafikia kuelewana namna gani?

Tuangalie vitabu. Kile cha 1986, Language and Colonial Power, kinafuata Kiswahili cha Kongo ya Wabelgiji kutoka 1880 mpaka 1938. Tumezoea kusema Kiswahili kilikuja na wafanyabiashara, basi. Yeye anaonyesha mkono wa wamisionari, wa serikali na wa kampuni za migodi, ambao walihitaji lugha ya kazi. Lugha ya kuamuru mtu na lugha ya kuongea na mtu zinaweza kuwa na maneno yale yale, lakini si lugha moja. Sisi maanjenyeri tukifika shambani na "fanya hivi, acha vile", tunatumia ile ya kwanza.

Halafu kuna Time and the Other, ya 1983. Njo iliyonikamata. Anasema hivi: mtafiti akiwa kijijini anaongea na watu, wote wako mu saa moja, siku moja. Akirudi mezani kuandika, anawasukuma nyuma, wanakuwa watu wa wakati mwingine. Someni tena ripoti yangu ya hapo juu. Mu shamba nilimuita "mama". Mu karatasi nikamfanya mtu wa zamani.

Na yeye mwenyewe alifanya vizuri kuliko wale aliowakosoa? Mara nyingi, ndiyo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alipochora historia ya Zaire, picha karibu 100, Fabian alimuacha aieleze mwenyewe mu Kiswahili, akarekodi, na maneno yale yako ndani ya kitabu cha 1996. Mu 1990 alitoa pia ule mwandiko wa André Yav wa 1965, historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa ajili ya maboi wa zamani wa wazungu. Tahajia yake haikufuata kitabu chochote, hata ilihitaji kusomwa kwa sauti ili ieleweke. Fabian hakuisahihisha kama mwalimu wa shule. Aliichukua kuwa kazi ya mwandishi.

Lakini nina neno naye. Vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza. Picha za Tshibumba zilienda Amsterdam. Mtoto wa Kolwezi anayetaka kujua namna babu yake aliongea mu kambi, anapaswa kwanza kujifunza lugha ya watu wengine. Fabian aliheshimu sauti zetu, lakini wasomaji wake wa kwanza hatukuwa sisi. Swali la yule mama linamgusa yeye pia.

Hata hivyo siwezi kumtupia mawe yote. Yeye alikuwa mgeni, na alijifunza Kiswahili chetu mpaka kukiandikia vitabu. Sisi tulizaliwa ndani yake, na tukishapata lisansi tunakiacha kwa soko na kwa matusi ya barabarani. Memwari yangu juu ya mahindi iko mu Kifaransa safi. Hakuna mkulima hata mmoja aliyeisoma.

Wiki ya kesho nitarudi kwa yule mama na kurasa mbili, mu Kiswahili cha Kolwezi, nizisome mbele yake, na yeye anisahihishe. Nawe, ndugu, ile uliandika juu ya watu wetu, utawasomea siku gani?