Sukari Iliyobebeshwa Pepopunda

Bukoba na Muleba, kama kwingine nchini Tanzania, neno "taifodi", yaani homa ya matumbo, halikawii kutamkwa. Homa, tumbo linasokota, damu inapimwa Widal, mgonjwa anaondoka na antibiotiki. Widal haimtafuti mdudu. Inatafuta kingamwili, ambazo huweza kuwa masalia ya maambukizi ya zamani au hata zimeamshwa na ugonjwa mwingine. Anayejaribu chanjo akitegemea kipimo hicho atajuaje nani kaugua kweli?

Blantyre, Malawi, walilikabili swali hilo mwaka 2018. Watoto 28,130 wa miezi 9 hadi miaka 12 walichanjwa, takriban nusu dhidi ya homa ya matumbo, waliobaki dhidi ya homa ya uti wa mgongo, ili asiwepo aliyechomwa sindano ya bure. Mzazi hakuambiwa mwanawe kapata ipi. Kisha mtoto akishikwa na homa, damu yake ilioteshwa maabara: bakteria wakimea, ubishi umekwisha. Kuotesha nako huwakosa wagonjwa wengi, lakini huwakosa pande zote mbili, kwa hiyo ulinganisho haupindi. Matokeo yalichapishwa 2021: wagonjwa 62 kwa waliopata chanjo ya uti wa mgongo, 12 kwa waliopata ya homa ya matumbo. Ufanisi, asilimia 80.7.

Ufundi wenyewe uko kwenye sukari. Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, hujivika koti la sukari liitwalo Vi. Chanjo ya sukari tupu ilikuwepo miaka mingi, ila haikuwafaa watoto wa chini ya miaka 2, maana kinga yao changa haiijali sukari. John Robbins na Shousun Szu, watafiti wa Marekani, wakaifunga kwenye protini. Nchini Vietnam, matokeo ya 2001 yakaonyesha kinga ya zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa miaka 2 hadi 5. Bharat Biotech ya Hyderabad, India, ikatumia sumu ya pepopunda iliyopoozwa kama protini hiyo, na hiyo ndiyo chanjo iliyopelekwa Blantyre. Kinga hushtukia protini, na sukari inakumbukwa humo humo.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kenya iliianza chanjo ya aina hii Julai 2025, sambamba na ya surua na rubela.

Ikifika Bukoba, kuna mtego. Chanjo hufundisha mwili kuitambua Vi, wakati Widal ya kawaida husoma kingamwili dhidi ya sehemu nyingine za bakteria, ziitwazo O na H. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuandikiwa "taifodi" kwa homa nyingine kabisa, na mama yake akaapa kwamba sindano ilikuwa maji matupu.